Kati ya Baltimore na Washington: barua kutoka kaunti ya Howard



Tangu tulipohama Baltimore, swali linaloingia kwenye simu yangu ni lile lile: "Mama, ni kweli mmehamia kwa matajiri?" Kuna wanaouliza kwa furaha ya kweli. Kuna wanaouliza kwa sauti ambayo nyuma yake ombi la feza tayari limevaa viatu. Sitamkasirikia mtu, maana nami nilipokuwa Bukavu nilidhani Marekani yote ni mtaa mmoja. Leo nitawajibu wote pamoja, na nitajaribu kuwaonyesha mahali hapa palivyo, upande wa jua na upande wa kivuli.

Tuanze na ramani. Howard ni kaunti ya jimbo la Maryland. Kaunti ni kama teritware kwetu, ila yenyewe ina polisi wake, kodi zake na masomo yake. Upande mmoja kuna Baltimore, mji wa bandari. Upande wa pili kuna Washington, mji mkuu wa nchi. Mji mkubwa wa kaunti unaitwa Columbia. Kutoka hapo mpaka Baltimore ni kilometa 30 hivi, kama kutoka Bukavu kwenda Kavumu, na mpaka Washington ni kama 40. Kila asubuhi barabara zinagawa watu: baba anaenda huku, mama anaenda kule, jioni wanarudi kulala katikati. Wengine hawaendi mbali, kwa sababu maabara kubwa ya chuo kikuu cha Johns Hopkins iko ndani ya kaunti, na kambi ya jeshi ya Fort Meade iko jirani kabisa. Katika hesabu ya mwaka 2020 kaunti ilikuwa na watu 332,317. Zaidi ya nusu ya jamaa zake huingiza zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka, na kila mara inatajwa kati ya kaunti tajiri zaidi za Marekani.

Sisi hatumo katika nusu hiyo. Baba watoto anafanya kazi ya usiku katika bohari, mimi ninatunza wazee majumbani mwao. Basi tulifuata nini? Tulifuata masomo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo hakuna mtu aliyenieleza kabla sijafika. Kwetu, mzazi akitaka mtoto asome vizuri anatafuta masomo mazuri, kisha anatafuta minervali. Mtoto anaweza kukaa Kadutu akasoma Ibanda, ni suala la miguu na feza. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi yametangazwa kuwa bure, na kila mama anajua hiyo bure ina mifuko mingapi. Hapa masomo ya serikali hayana minervali kweli, kutoka darasa la kwanza mpaka mwisho wa sekondari. Gari la rangi ya manjano linamchukua mtoto anayekaa mbali na kumrudisha, bila kulipa. Lakini mtoto hasomi pale mzazi anapotaka. Anasoma pale anwani ya nyumba inapomtuma. Ukikaa mtaa huu, masomo yako ni haya. Ukivuka barabara, ni yale mengine. Na sehemu kubwa ya feza ya masomo inatoka katika kodi za kaunti yenyewe, kodi ya nyumba na kodi ya mapato. Kaunti ya matajiri inakusanya nyingi, ya maskini inakusanya kidogo. Kwa hiyo minervali ipo. Imefichwa tu ndani ya kodi ya nyumba unayompa mwenye nyumba kila mwanzo wa mwezi.

Mwaka 2019 wakubwa wa masomo wa kaunti hii walitaka kuchora upya mipaka, kwa sababu masomo mengine yalijaa kupita kiasi na mengine yalikusanya watoto wengi wa jamaa zenye kipato kidogo. Maelfu ya watoto wangehamishwa. Wazazi walijaa mikutanoni, wakaandamana, wakapiga kelele usiku na mchana. Mpango ulipita mwezi wa 11, umepunguzwa. Sisi tulikuwa bado Baltimore wakati huo. Nilisimuliwa na mama mmoja ambaye ninamtunzia mama yake mzazi. Yeye mwenyewe alikuwa kati ya waliopinga. Aliniambia bila haya: "Nilinunua nyumba hii kwa ajili ya masomo yale." Nilimwelewa. Nilielewa pia kwamba yule mtoto wa kuhamishwa, aliyeogopwa asije kukaa darasa moja na wake, ni mtoto kama wangu.

Sasa hesabu. Tangu Januari 2024 mshahara wa chini kabisa Maryland ni dola 15 kwa saa. Fanya kazi saa 40 kwa juma, majuma manne: dola 2,400, na kodi ya serikali bado haijakatwa. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala huku Columbia mara nyingi inapita dola 2,000 kwa mwezi. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini hata mama anayeuza sambaza Nyawera anaona kwamba mshahara mmoja haupiti mlango huo. Ndiyo maana baba anafanya kazi usiku na mimi mchana. Tunakutana jikoni saa kumi na mbili asubuhi, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa.

Na kabla ya kodi kuna mlango mwingine. Mwenye nyumba anataka karatasi kuonyesha kwamba mnaingiza mara tatu ya kodi, tena anatazama historia yenu ya madeni. Mtu aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi hana deni wala historia ya deni, na hapa kutokuwa na historia kunahesabiwa kama doa. Tulikataliwa nyumba mbili. Ya tatu tulipata kwa sababu msimamizi wetu wa bohari alikubali kuandika barua. Jambo moja jema mlijue, kwa wale wenye jamaa Maryland: tangu Oktoba 2024 sheria ya jimbo inamkataza mwenye nyumba kudai garanti inayopita kodi ya mwezi mmoja. Nikikumbuka garanti za miezi sita tulizolipa Bukavu, sheria hiyo niliisoma mara mbili.

Hayo ni ya mfuko. Mahali penyewe pakoje?

Columbia si mji uliokua wenyewe. Ulipangwa na mtu mmoja, mfanyabiashara James Rouse. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alinunua mashamba kimya kimya, kwa majina ya makampuni mbalimbali, ili wenye mashamba wasipandishe bei wakijua ni mnunuzi mmoja. Alifikisha karibu eka 14,000, kama sehemu moja ya kumi ya kaunti nzima. Wakaaji wa kwanza waliingia mwaka 1967. Mkumbuke mwaka huo: ndipo Maryland ilipofuta sheria yake ya kukataza ndoa kati ya mweupe na mweusi, na sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kukodisha nyumba ilikuja mwaka uliofuata, 1968. Kumbe katika wakati huo Rouse alikuwa anauza nyumba kwa weupe na weusi mtaa mmoja, na alitaka mkubwa wa kampuni na mfagiaji wake wakae mji mmoja. Alifaulu? Kwa rangi, ninaweza kusema ndiyo. Katika jengo letu kuna Wahindi, Wasalvador, Wanijeria, Wamarekani weusi na weupe, na sisi. Kwa mfuko, naona mfagiaji anasukumwa nje kidogo kidogo kila kodi inapopanda.

Mji umegawanyika katika vijiji kumi, ndivyo wanavyoviita, na karibu kila kijiji kina kituo chake cha maduka. Rouse alikuwa na mawazo mawili ambayo nimeyapenda. La kwanza, sanduku za barua hazikuwekwa kila moja mlangoni, zilikusanywa pamoja mahali pamoja, ili majirani wakutane wanapochukua barua. Ni mawazo ya bomba la maji! Kwetu wanawake hukutana bombani, wanajua nani amejifungua na nani mumewe amefukuzwa kazi. Hapa nimeona mtu anakuja kwenye sanduku na gari, anateremsha kioo, ananyoosha mkono, anachukua barua, anaondoka. Lakini wazee wa zamani bado wanasimama na kusalimia, na ni hapo nilipomjua jirani wa kwanza.

La pili ni nyumba za ibada. Badala ya kila dini kujenga jengo lake, walijenga vituo vya pamoja. Kile cha kijiji cha Wilde Lake kilifunguliwa mwaka 1970, na mpaka leo Wakatoliki na Waprotestanti wanasali chini ya paa moja. Katika kijiji cha Oakland Mills wapo na Wayahudi. Huyu anatoka, yule anaingia, viti ni vile vile. Nilipowasimulia mama zangu wa kikundi cha sala cha Baltimore, mmoja wa Uvira aliuliza tu: "Na nani anafagia?" Swali la mama kweli.

Kuna na ziwa, Kittamaqundi, katikati ya mji. Lilitengenezwa na mashine mwaka 1966. Mtu wa Kivu akiliona ataliita bwawa, na asilaumiwe. Watoto wanalipenda kwa sababu ya mabata.

Msidhani pia kwamba utajiri huu ulianza na Rouse. Charles Carroll, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani la mwaka 1776, alikuwa na shamba kubwa la Doughoregan ndani ya nchi hii ya Howard, na shamba hilo lililimwa na watumwa. Alimiliki mamia. Ng'ambo ya mto Patapsco, karibu tu, alikaa Benjamin Banneker, mtu mweusi huru aliyezaliwa mwaka 1731. Alijifunza nyota na hesabu kwa vitabu vya kuazima kwa jirani zake wa ukoo wa Ellicott, akachapisha kalenda zake mwenyewe, na mwaka 1791 alisaidia kupima mipaka ya mji wa Washington. Mahali alipokaa leo ni bustani na makumbusho. Niliwapeleka watoto Jumapili moja. Mkubwa wangu, ambaye siku hizi hashangazwi na kitu, alisimama mbele ya maandishi muda mrefu.

Ukoo huo wa Ellicott ndio ulioanzisha mji mdogo wa Ellicott City mwaka 1772, kwa vinu vya unga kando ya mto. Nyumba za mawe, barabara moja inayoteremka kati ya vilima, na chini kabisa kituo cha reli cha miaka ya 1830, kati ya vya kwanza kabisa Marekani. Ni mahali pazuri kuliko pote kaunti hii. Ni mahali pia panaponitia baridi mgongoni. Tarehe 30 Julai 2016 mvua ilinyesha kwa saa mbili hivi, vijito vyote vya vilimani vikashuka kwenye barabara ile kama mto, magari yakaelea, watu wawili wakafa. Wakajenga upya. Tarehe 27 Mei 2018 ikarudi tena, akafa askari mmoja aliyejaribu kumsaidia mwanamke.

Mtu wa Kivu Kusini hahitaji kuelezwa zaidi. Tulizika watu wa Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, Mei 2023, zaidi ya mia nne, na wengi hawakuonekana kamwe. Sababu zinafanana kwa upande mmoja: vilima vikali, bonde jembamba, mvua nyingi kwa muda mfupi, na kule juu watu wameondoa kilichokuwa kinanywa maji. Kwetu ni miti. Hapa ni mashamba yaliyogeuka mitaa na viwanja vya magari. Tofauti ni kinachofuata baadaye. Hapa waliweka ving'ora vya kuonya, wakanunua na kubomoa baadhi ya nyumba ili maji yapate nafasi, na mpango wao una handaki la kupitisha maji chini ya ardhi. Nikisimama kwenye barabara ile huwa najiuliza kama king'ora kimoja tu kingelia Nyamukubi siku ile ya soko. Feza ya king'ora si feza ya handaki.

Chakula, najua mnangoja. Tunakula vizuri. Wakorea ni wengi huku, hata sehemu ya barabara ya Route 40 katika Ellicott City inaitwa rasmi Korean Way, na katika maduka yao nimepata lenga-lenga mbichi, samaki wenye vichwa vyao na ndagala wakavu ambao si wetu lakini wanajitahidi. Sombe inauzwa imegandishwa katika maduka ya Waafrika kuelekea Laurel na Silver Spring. Unga wa muhogo upo. Mawese yapo, kwa bei ya dawa.

Gari, hapo ndipo mwanamke anapokwama. Bila gari kaunti hii ni gereza lenye maua. Basi zipo, lakini nyingi hupita mara moja kwa saa, na Jumapili ni shida. Miezi minne ya kwanza nilikuwa ninatembea kwa miguu kando ya barabara ambayo haikutengenezwa kwa miguu, na madereva wananitazama kama mtu aliyepotea. Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka 41. Mama yeyote mwenye binti anayekuja huku, amwambie: kabla ya kununua sahani, pata leseni.

Jambo la watoto nalo msikie vizuri. Sheria ya Maryland inasema mtoto wa chini ya miaka 8 hawezi kuachwa peke yake nyumbani wala garini. Anayebaki naye lazima awe na angalau miaka 13. Kwetu mtoto wa miaka 9 anamlea mdogo wake na hakuna anayeshangaa, tena mtaa mzima unawatazama. Hapa mtaa hautazami, au unatazama na kupiga simu polisi. Nawajua wamama watatu walioacha kazi kwa sababu ya sheria hiyo, si kwa kuivunja, bali kwa kuiheshimu: kulipia mtu wa kumlea mtoto kunakula mshahara wote. Bibi wa watoto akiwa hayupo, ndipo unapojua alikuwa anafanya kazi ya watu wangapi.

Na masomo, je? Mkubwa alikuwa amebaki nyuma katika kusoma Kiingereza. Walimpa mwalimu wa pembeni siku tatu kwa juma, bila kulipa. Mkutano wa wazazi, waliniuliza kama nahitaji mkalimani, wakapiga simu, na sauti ya mama mmoja wa Kiswahili cha pwani ikatoka kwenye simu, "Shikamoo mama." Mimi nilijibu "Jambo mama," tukacheka wote wawili, na mwalimu hakujua kwa nini. Mwaka huu mtoto anasema anataka kuwa mpimaji wa ardhi. Sijui kama ni Banneker au ni mwalimu wake wa hesabu.

Lakini anajibu kwa Kiingereza. Ninamwita kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza. Bibi yake anamwongelesha Mashi kwenye simu, anageuka kunitazama nimtafsirie. Huko Baltimore jengo lilikuwa na jamaa sita za Kongo, lugha ilikuwa inapita kwenye ngazi bila mtu kuifundisha. Hiyo ndiyo kodi nyingine tuliyolipa, na haimo katika mkataba wa nyumba.

Mwanamke mmoja wa Goma ameniandikia: mume amepata kazi karibu na Washington, wakae wapi? Mama, nikikujibu kwa haki: kama mtoto wako wa kwanza bado hajaanza masomo, kaa kwanza penye watu wako, hata kama nyumba ni mbovu kidogo, mpaka wote wawili muwe na leseni na kazi. Kama una wa sekondari, njoo huku mapema, usingoje, maana miaka yake haingoji. Na usije peke yako. Tafuteni jamaa mbili au tatu mhamie mtaa mmoja. Sisi tulikuja peke yetu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mrefu.

Likelemba yetu ya Baltimore haikuvunjika. Tuko kumi na moja, zamu inazunguka, na tangu mwezi wa pili tunakutana Jumamosi moja Baltimore, Jumamosi nyingine kwangu. Wanaokuja wanajaa katika magari mawili. Watoto wanapelekwa ziwani kwa mabata, wakubwa wanalinda wadogo, na kwa saa tatu jikoni hapasikiki Kiingereza. Zamu hii ni ya mama wa Uvira. Anataka feza yake ya likelemba yote iende kwenye masomo ya kuendesha gari.

Aliye na mbegu za lenga-lenga nyekundu na ana mtu anayesafiri, anitumie. Jirani yangu wa sanduku la barua amenipa kipande cha bustani yake.